Leo nimeweka kalamu chini

Nimerudi sasa hivi kutoka kwa wavuvi ninaowafanyia utafiti. Mikono bado inanuka nyavu.

Wiki tatu nimekuwa nikiwahoji, dodoso mkononi. Kila nilipouliza nani huamua wavu upi ushonwe kwanza, jibu lilikuwa moja: "Tunaamua wote."

Nikaandika hivyo hivyo.

Leo mzee mmoja akanikabidhi sindano ya nyavu. "Mwanangu, keti ushone."

Nikaketi. Tukashona mpaka jua likageuka.

Ndipo nikaona. Kila wavu ulipokwisha, macho ya wote yalimwendea bibi mmoja aliyekaa pembeni. Hasemi neno. Anagusa wavu mwingine kwa kidole cha mguu, na mikono yote inahamia hapo.

Kidole cha mguu, jamani!

Hakuna swali langu ambalo lingekifikia. Na hawakunidanganya. Nahisi kwao huko ndiko kuamua wote, maana niliona mara moja kijana akitikisa kichwa, na bibi akachagua wavu mwingine.

Mwanaanthropolojia Malinowski aliishi visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea, kati ya 1915 na 1918, akajifunza lugha ya wenyeji na kupiga hema kijijini mwao. Niliyakariri hayo kwa ajili ya mtihani. Leo nimeyaelewa.

Kesho narudi kumwomba bibi ruhusa kabla sijaandika chochote kumhusu. Naogopa kidogo.

Ninyi mliowahi kuishi na watu ili kuwaelewa, ni kitu gani mlikiona ambacho hakuna aliyewaambia? Niandikieni hapa.