Bibi, umenyamaza tena

Mjukuu wangu ndiye aliyenisema. Ana miaka saba, tunalala kitanda kimoja, na asubuhi moja tukinywa chai alimwambia mama yake: "Bibi anakoroma, halafu ananyamaza, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini." Nilimkaripia. Mwanamke mtu mzima, tena mwalimu, kuambiwa unakoroma! Lakini nilikuwa nikisinzia kalamu nyekundu mkononi, madaftari ya darasa la sita mbele yangu, na presha haikushuka kwa dawa tatu.

Nilipimwa Dar, usiku mzima nimelala na nyaya kichwani na kifuani. Majibu: nina tatizo la kukatika pumzi usingizini; pumzi inakatika au kufifia mara 41 kwa saa. Kuanzia 30 ni hali kali. Daktari alinieleza kuwa usingizi ukikolea misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka mpaka ubongo ukugutushe. Tiba yake ni mashine ya sipapu (CPAP), unayolala nayo ukiwa umevaa barakoa: inapuliza hewa hii hii ya chumbani, si ya mtungi, kwa msukumo unaoizuia njia isifunge. Daktari Colin Sullivan aliianzisha Sydney, Australia, mwaka 1980.

Wiki mbili za kwanza niliichukia. Hewa ilivujia machoni, barakoa ikipiga mluzi. Niliyeinunua kwake aliniambia nikaze mikanda. Nikakaza mpaka pua ikachubuka. Kumbe tatizo lilikuwa nywele! Nilikuwa nimesuka rasta nene, nimezifunga fundo kisogoni, na mkanda ulikuwa ukiteleza juu ya lile fundo kila nikigeuka. Nikafumua, nikasuka twende kilioni, nyembamba zilizolala kichwani. Mkanda ukatulia. Nikajifunza pia kuurekebisha nikiwa nimelala, mashine inapuliza, maana uso wa aliyekaa si uso wa aliyelala. Dada zangu mnaosuka, hili sikuambiwa na mtu, ndiyo maana naliandika.

Sasa nasahihisha madaftari arobaini bila kusinzia.

Imebaki shida ya umeme. Juzi ulikatika saa nane usiku. Sikusikia kitu, nimeamshwa na mkono mdogo begani: "Bibi, umenyamaza tena." Akakaa macho akinilinda mpaka adhana ya alfajiri, mtoto wa kwenda shule.

Leo nimeagiza betri. Kile kipasha maji cha mashine, kinachotia hewa unyevu, nitakizima ili betri ifike asubuhi. Hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha.