Kipande cha magadi

Juzi nilikuwa napanga kabati la jikoni, nikakuta kipande cha magadi kimefungwa kwenye gazeti kuukuu. Cha dada. Kwa watu wengine magadi ni ya mlenda. Kwake yalikuwa dawa ya kiungulia. Alikuwa anavunja kidogo kwa mgongo wa kisu, anakoroga kwenye kikombe cha maji, anakunywa akiwa amesimama, kisha anashika sinki mpaka acheue. Nilinusa lile gazeti, mara nikawa nimekaa tena kwenye benchi la Agosti 2022, upepo wa Dodoma unapiga madirisha na vumbi linaingia hata pale palipofungwa.

Mnakumbuka dada alivyopungua, maana nyote mlisifia. Kilo 124 mpaka 79. Habari rasmi ilikuwa maji ya ndimu na kukimbia alfajiri uwanja wa Jamhuri. Habari ya kweli ni kwamba mwaka 2017 aliaga kwamba ana semina India, wiki tatu, akarudi na vitobo vitano tumboni, kila kimoja kama ukucha. Walimwondolea robo tatu ya tumbo na zaidi, likabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Tuliojua ni shemeji na mimi.

Kiungulia kilianza mwaka wa pili. Mito ikawa miwili, halafu mitatu. Nikimwambia nenda hospitali, anavunja magadi. Ugali ulipoanza kumkwama kifuani ndipo akakubali, na wiki hiyo hiyo mama mkwe wake akawa amefika kutoka Bahi na mchele na kuku wawili. Mgonjwa haendi hospitali peke yake, alisema, akajifunga kitenge.

Kwa hiyo tuliingia watatu kwa daktari.

Aliuliza maswali yake bila haraka. Sigara? Hapana. Pombe? Hapana. Chai ya moto sana? Mama akadakia, "Huyu anaipuliza mpaka inapoa, dokta. Mimi ndiye nainywa ikiwa bado inachemka." Daktari akatabasamu, akaeleza kwamba upande huu wa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka mpaka Malawi, saratani ya koo la chakula inasumbua kuliko sehemu nyingi za dunia, na vinywaji vya moto kupita kiasi vinashukiwa. Ndiyo maana anauliza. Kisha, macho yakiwa kwenye karatasi:

"Umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?"

Feni ilikuwa inalia. Ukutani palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Mama alikuwa anaviringisha ncha ya kitenge chake, anaviringisha, anakunjua. Kiatu cha dada kikakanyaga mguu wangu, taratibu, mpaka mwisho.

"Hapana," akasema.

Mimi nikawa nawaza kitu kimoja: hii kamera anayokwenda kuimeza inakwenda wapi? Si kule kule? Tumbo la ndizi litajificha wapi? Nikamwona daktari akitoka baadaye na kushangaa kwa sauti mbele ya mama. Basi walipompeleka dada chumba cha pili, nikaaga kwamba nakwenda dirisha la malipo, nikamfuata daktari mlangoni. "Dokta, alikatwa tumbo India. Mama hajui." Akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea. "Ningeliona tu," akasema.

Nikarudi kwenye benchi nikijiona mwerevu. Dakika ishirini hivi. Akatokea nesi na faili mkononi, akatazama foleni nzima.

"Ndugu wa yule dada aliyekatwa tumbo India ni nani?"

Watu waliacha kuzungumza. Mzee mmoja alipunguza redio yake ili asikie vizuri. Mimi sikusimama; naona haya kuliandika hili, lakini sikusimama. Aliyesimama ni mama. "Ni sisi," akasema. Nesi akampa karatasi ya kupeleka vinyama maabara, akaondoka zake.

Mama akakaa. Akaitazama ile karatasi ambayo hakuwa na miwani ya kuisomea.

"Kumbe ni tumbo?"

"Ndiyo, mama."

"Tumbo tu?"

"Tumbo tu, mama."

Akavuta pumzi. "Miaka mitano nafunga kila Ijumaa. Alivyokuwa anakonda vile nilijua ni UKIMWI, na nikajua mwanangu naye anao." Akajiziba mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Dada alipotoka, koo lina ganzi na hawezi kutamka, alimtazama mama, akanitazama mimi, akajua.

Majibu yalichukua wiki tatu. Haikuwa saratani. Koo lilikuwa na vidonda, na chini kabisa seli zilikuwa zimebadilika, zinafanana na za utumbo; hali hiyo wanaiita Barrett. Daktari alituchorea nyuma ya fomu: lile bomba lina presha, tindikali inapanda, na ikipanda miaka mingi ngozi ya ndani ya koo inajibadilisha. Wengi hawafiki kwenye saratani, ila kamera lazima irudi, na dawa zisikatwe. Magadi yalikuwa yanatuliza moto tu huku nyumba inaungua. Alisema pia upo upasuaji mwingine wa kuunganisha tumbo moja kwa moja na utumbo mdogo, kiungulia hupungua, ingawa sehemu ya tumbo inayoachwa pembeni kamera ya kawaida haiifikii tena. Dada akasema amekatwa mara moja, inatosha.

Mimi hakuongea nami miezi minane. Siku aliyoanza kuongea nikaharibu tena, nikamwambia nadhani anajuta. Akanitumia habari ya utafiti wa Ufaransa wa 2023: walichukua zaidi ya watu laki tatu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, wakawalinganisha na wanene wasiofanyiwa, na saratani za koo la chakula na tumbo zilikuwa pungufu kwa waliokatwa. Chini yake akaandika, "Na sukari yangu je, ilirudi?" Haikurudi. Nilianza kuandika kwamba hesabu ya watu laki tatu si koo lake yeye, nikafuta.

Mama ndiye aliyetoka na faida. Bahi nzima inajua, na shangazi wawili wameshaulizia bei.

Jana usiku dada ametuma ujumbe: "Kamera Alhamisi saa mbili. Mlete mama. Wewe ukae kimya."

Nimejibu sawa. Magadi nimeyarudisha kabatini, mama akija atataka mlenda.