Basi usipande

Saa nane usiku, feni inazunguka bure. Mmeniuliza mbona kimya tangu niwaandikie ile habari ya kuhamishwa dawati kazini. Nilihama, sasa nakaa dirishani, na Jumanne Shangazi alizibuliwa mshipa wa moyo pale Muhimbili, akawekewa stenti, kile kibomba kidogo cha kuushikilia mshipa ubaki wazi. Yote mawili yamekwenda vizuri. Kinachoninyima usingizi ni maneno mawili.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi uliopita, kwake Kariakoo, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Ndiyo, Shangazi yule yule wa vitumbua. Anamimina chai, akasema kama mtu anayetaja bei ya nazi: "Kichwa hiki kina vituko. Nikifika ghorofa ya pili kinaanza, hapa kisogoni. Nikikaa kwenye ngazi kidogo, kinaacha."

Nikamjibu, "Basi usipande."

Watu wakacheka. Naye alicheka, akanisogezea kitumbua cha tatu. "Chini tutakwenda wote, mwanangu. Haraka ya nini?"

Nimelirudia hilo mara ngapi sijui. Nikiwa kwenye mwendokasi, nikiwa naosha vyombo. Basi usipande. Sauti yangu ya kujiona mjanja naisikia kabisa.

Nyumba nzima tulishakubaliana kuwa ni kipanda uso. Jirani alimwahidi vidonge vyake mwenyewe vya kipanda uso, bahati akasahau kuvileta. Daktari alituambia baadhi ya dawa hizo hubana mishipa ya damu, hata ile ya moyo.

Daktari huyo aliuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kati yetu: kinaanza ukifanya nini? Shangazi akajibu neno kwa neno. Nikifika ghorofa ya pili. Nikikaa, kinaacha. Daktari akaweka kalamu chini.

"Kifua kinabana?"

"Hapana."

"Mkono?"

"Mkono unauma nikikuna nazi nyingi."

Akapimwa umeme wa moyo akiwa amelala, kikatoka safi, nami nikaanza kufurahi. Ndipo wakampandisha kwenye mashine ya kutembea, wakaiinua kama mlima. Dakika chache tu, kichwa hicho, na mistari kwenye skrini ikabadilika palepale. Baadaye nilisoma kwamba ni jambo adimu, na kwamba jina lake la kitabibu lilitolewa na madaktari wa Marekani mwaka 1997. Moyo unakosa damu, lakini anayelia ni kichwa. Wanadhani mishipa ya fahamu ya moyo na ya kichwa hukutana njiani, ubongo ukakosea mlango. Kumbe ile sentensi ya kwenye chai ilikuwa na kila kitu: kinakuja na kazi, kinaondoka na pumziko. Alinipa majibu yote mkononi, mimi nikachekesha watu.

Leo nimempeleka kwake. Pole pole, mimi nyuma na mkoba. Ghorofa ya pili nikasimama kuvuta pumzi, yeye akanipita. "Vipi, kimekuanza?"

Nilicheka hadi nikakaa kwenye ngazi.

Kule juu akanionyesha kile kidonge cha moyo cha kuweka chini ya ulimi. Anasema muuguzi alimwonya kuwa wengi kinawaletea kichwa, yeye ndicho kilichokuwa kinamwondolea. "Hata kwa dawa mimi naenda kinyumenyume," akasema, anajisifu kabisa. Nikaona ndiyo nafasi. Nikaanza, Shangazi, siku ile ya chai, nilisema neno...

"Neno gani?"

Nikashindwa kulitamka. Akaniuliza kama nimekula.

Nimerudi nyumbani nimekuta ujumbe wa mwenye nyumba: "Habari za jioni. Naomba tuonane Jumamosi." Kodi nimelipa hadi Desemba. Na mzee yule, miaka mitatu hii, hajawahi kuniambia naomba.