Dar hadi Mtwara kwa kufuata maji: kumbukumbu ya mradi wangu

Jumapili, 1 Juni 2025

Nimefungua daftari jipya kwa ajili ya safari hii, maana nimeisema kwa mdomo miaka mitatu na mdomo haujanifikisha popote. Nataka kumpeleka Baba kwao Lindi kwa gari yetu, polepole, tukishuka mwambao wa kusini hadi Mtwara, na kila tunapofika tule kinacholiwa pale. Tusibebe wali kwenye hotpoti kutoka Dar.

Baba ametimiza miaka 74. Ni mtu wa Mchinga, mkoani Lindi. Alipokuwa kijana, safari ya Dar hadi Lindi ilikuwa ni kungoja pantoni pale Ndundu kuvuka mto Rufiji, na masika ikikukuta njiani ulihesabu siku, si saa. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 amepita mara chache tu, kila mara kwa basi, kila mara kwenye msiba, na kesho yake yuko njiani anarudi. Hajawahi kushuka Somanga akala samaki kwa utulivu. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kulieleza.

Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560. Nimegawa kwa siku nane pamoja na kurudi, nikaandika vituo: Ikwiriri, Somanga, Kilwa, Lindi, Mikindani, Mtwara. Kwenye karatasi imekaa vizuri.

Jumatatu, 7 Julai

Tumerudi jana usiku. Mimi na mke wangu tulitumia wikiendi ya Sabasaba kwenda kuonja nusu ya kwanza ya njia hadi Kilwa, ili nisimchoshe mzee kwa kubahatisha. Barabara ni nzuri. Somanga tulishuka, tukala changu wa kukaanga na ndimu kando ya magari, na nilijua hapo hapo kwamba kituo hiki hakitatoka kwenye ratiba.

Kilwa Kivinje ndiko mpango wangu ulikovunjika. Tulifika Jumamosi mchana, saa saba hivi, maji yakiwa yamejaa. Nilikuwa nimemwahidi mke wangu supu ya pweza na dagaa wabichi. Nikamkuta bibi mmoja chini ya banda la makuti, karai la mafuta mbele yake, na ndani ya karai mihogo mitupu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Pweza hamna?"

"Hamna, baba. Mmekuja maji mafu."

Nikadhani ananiambia bahari imechafuka. Akafuta mkono wa kulia kwenye kanga, akaanza kuhesabu pingili za vidole kwa dole gumba. "Leo mwezi una siku tisa. Maji hayapwi, yanasogea tu pale. Mwamba hautoki, na mwamba usipotoka mtoto wa watu atamchokoa pweza wapi? Ungekuja mwezi ukiwa na siku kumi na tano, au mwezi ukiandama."

"Na dagaa?"

"Dagaa wanataka giza. Mwezi huu si unauona unavyokua? Taa ya mvuvi itashindana nao?"

Tulikula mihogo yake kwa chachandu, na ilikuwa mizuri sana. Lakini usiku kule Kilwa Masoko nilikaa nje ya gesti nikiutazama mwezi, mweupe hata vivuli vya minazi vinaonekana mchangani, mashua za taa zimelala ufukweni mstari mzima, na nikaona nimepanga safari ya pwani kana kwamba naenda Dodoma. Nilihesabu kilomita. Chakula cha pwani hakikai kwenye kilomita, kinakaa kwenye maji.

Jumamosi, 12 Julai

Wiki nzima nimekuwa na jedwali la kupwa na kujaa kwa maji, na kalenda ya mwezi pembeni. Naandika nilichokielewa, kwa faida ya yeyote anayepanga safari kama hii.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi vikivuta kwa pamoja. Maji hujaa sana, kisha hupwa sana. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Katika mwambao wetu siku za bamvua maji hufika chini kabisa karibu saa nne hadi saa tano na nusu asubuhi, na kila siku husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Kwa hiyo wachokoaji wa pweza huwa miambani asubuhi, na pweza hufika sokoni adhuhuri. Ukifika kijijini saa tatu asubuhi hujakuta kitu, na ukifika saa kumi jioni umekuta mabaki.

Sasa hapa ndipo nilipopiga meza kwa furaha mke wangu akaamka. Mwezi mpevu unakupa pweza lakini unakunyima dagaa. Mwezi mwandamo unakupa vyote viwili: usiku giza la kuwashia taa, asubuhi mwamba mkavu. Kwa hiyo kila mwezi kuna dirisha moja tu la siku kama tano ambalo mlaji wa pwani akiingia hatoki na njaa.

Nimepita miezi. Agosti Baba ana kliniki. Kuanzia Oktoba nitakuwa naomba mvua za vuli zichelewe, na barabara hii haitaki mchezo na mvua. Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya ziliikata sehemu kadhaa wilayani Kilwa, magari yakakwama huku na huku. Imebaki Septemba. Mwezi unaandama tarehe 21, Jumapili, na tarehe 22 ni siku ya usawa wa mchana na usiku, majira ambayo bamvua huwa kubwa kuliko kawaida ya mwaka. Upepo wa kusi nao unakuwa umeanza kuchoka.

Nimefuta ratiba ya kwanza yote. Safari ni Jumamosi tarehe 20 Septemba.

Jumapili, 24 Agosti

Jaribio. Mwezi umeandama jana, nikasema siwezi kuamini jedwali bila kuliona. Nilifika Kunduchi saa tatu na nusu asubuhi. Maji yalikuwa yanaondoka, na ilipofika saa nne na nusu yalikuwa mbali kabisa, mwani umelala, watu wametawanyika juu ya mwamba kama kunguru. Kijana mmoja alinikubalia nimfuate. Anatembea na nondo nyembamba iliyopindwa ncha. Hatazami pweza, anatazama mlango. Shimo lenye maganda ya kome na kaa yamerundikwa mbele yake lina mwenyewe ndani. Anachokoa taratibu, mkono wa pweza unaizunguka nondo, anauacha uzunguke, kisha anavuta mara moja. Saa saba kasoro nilikuwa naondoka na pweza wa kilo moja na robo kwenye ndoo.

Nyumbani tulimpiga juu ya jiwe hadi mikono ikalegea, tukamsugua kwa chumvi, tukamweka kwenye sufuria bila tone la maji. Hilo Baba alisimamia mwenyewe kwenye kigoda mlangoni. "Usimwekee maji, ana maji yake." Na kweli alitoa mchuzi wa zambarau uliomfunika. Vitunguu swaumu, ndimu, pilipili manga, basi. Baba alikunywa bakuli mbili, halafu akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwao Mchinga mama yake alikuwa akitoka mwambani na pweza kwenye tenga, naye akimngojea juu ya mchanga kwa sababu alikatazwa kukanyaga peku mwamba wenye miiba ya viumbe wa baharini.

Hii ndiyo mara ya kwanza nimesikia habari hiyo. Mchinga imetoka kuwa kituo cha kupita na kuwa kituo cha kushinda.

Jumapili, 7 Septemba

Usiku huu mwezi umepatwa. Kuanzia saa mbili u nusu ulikuwa mwekundu mzima kama chungu kilichotoka motoni, msikitini kwetu wakaita swala ya kupatwa. Baba alitoka kuswali, akarudi akasimama uani na mimi hadi nuru iliporudi. "Haya, huyu ni mpevu," akasema. "Tuhesabu kumi na nne." Tumehesabu pamoja. Tarehe 21. Hajaliona daftari langu.

Jumapili, 14 Septemba

Ratiba imekaa, na safari hii imekaa juu ya maji.

Jumamosi tunatoka Mbagala alfajiri kabla ya malori. Chai na vitumbua Kibiti. Kabla ya daraja la Mkapa tutaegesha mahali salama, Baba atazame mto Rufiji na alikokuwa akingoja pantoni. Daraja lina urefu wa mita 970. Tutalivuka polepole kadiri waliopo nyuma watakavyotuvumilia. Ameomba pia tuchepuke kidogo Mohoro, ambako Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale Agosti 1905, mwanzoni kabisa mwa vita vya Majimaji. Babu yake alikuwa akiitaja Mohoro kwa sauti ya chini. Tutasimama, tutawasomea Fatiha wale wote, tutaendelea. Chakula cha mchana Somanga. Kulala Kilwa Masoko.

Jumapili ni ya Kilwa Kisiwani, na hapa maji yameamua saa. Watu wengi huvuka asubuhi. Sisi tungevuka asubuhi tungekuta maji yanakimbia, na kushuka mashuani ingekuwa ni kukanyaga tope na mawe, jambo ambalo kwa magoti ya Baba silitaki. Kwa hiyo asubuhi tunakata tiketi na kupumzika, tunakula pweza wa adhuhuri pale pale Masoko, na tunavuka saa saba na nusu maji yakiwa yanapanda. Tutaanza na Gereza, ile ngome ya kale iliyo karibu na gati, tusogee hadi Msikiti Mkuu, tukae ndani ya nguzo zile. Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331 akausifu kwa uzuri wake. Husuni Kubwa, magofu ya ikulu ya kale, iko mbali kwa miguu, nayo namwachia Baba aseme mwenyewe akifika. Saa kumi na moja jioni maji yamejaa, mashua inasogea hadi karibu, mzee anapanda bila kulowa.

Jumatatu alfajiri tunakwenda Kivinje. Nimempigia simu yule bibi wa mihogo (namba yake alimpa mke wangu siku ile, wakaagana kama mtu na shangazi yake). Kasema mashua za dagaa zitawahi kuingia kabla maji hayajaondoka, tuwe ufukweni saa kumi na mbili kamili. Nataka Baba aone dagaa wakichemshwa kwa maji ya chumvi kwenye mapipa na kutandazwa juu ya chanja, na nataka tupate wabichi wa kukaanga na kula na mkate wa kumimina. Kisha tunautazama mji wenyewe, milango na kuta za karne ya 19, na mahali pa kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa pale.

Jumanne, tarehe 23, ndiyo siku niliyoijengea safari yote. Nangurukuru, Kiranjeranje, mto Mbwemkuru, Mchinga. Maji yatakuwa chini karibu saa tano. Tukitoka Kilwa saa moja asubuhi tunafika Mchinga wachokoaji wakiwa bado mwambani. Sitapanga kitu kingine siku hiyo. Akitaka kukaa mchangani hadi magharibi, tutakaa, na Lindi mjini tutaingia usiku.

Jumatano Lindi, makaburi na ndugu, ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha na pilipili kama tutaipata. Alhamisi tunapita Mingoyo hadi Mikindani, kwenye ghuba ambayo Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Jioni samaki wa Feri, Mtwara. Hapo bamvua litakuwa linakwisha na sisi tutakuwa tumeshiba. Ijumaa kupumzika, Jumamosi kurudi.

Gari: tairi mbili za mbele nimebadilisha, spea imejazwa upepo, mkanda wa feni ulikuwa umepasuka upande wa ndani na fundi alikuwa ameniambia ni mzima. Nimeukagua mwenyewe kwa tochi. Tafadhali, mkanda uangalieni kwa macho yenu. Boksi la barafu lipo, kisu, ndimu, chumvi ya mawe, na sufuria moja ya kumpikia pweza bila maji.

Ijumaa, 19 Septemba, saa tatu usiku

Bibi wa Kivinje amepiga simu mwenyewe kuuliza kama bado tunakuja. Nikamwambia tunakuja, na mzee wetu yumo. Akasema, "Basi mwambie mzee mwenzangu mwezi hauonekani kabisa huku, giza zuri."

Nilipomfikishia Baba salamu hizo alicheka, akainuka kwenda chumbani. Amerudi na tenga dogo la ukili ambalo sikujua kama lipo ndani ya nyumba hii, mpini mmoja umeshonwa upya kwa uzi wa nailoni, uzi mpya kabisa. Ameliweka mlangoni juu ya viatu vyake. Tunaondoka saa kumi na moja.