Molekuli inayojulikana kwa tendo lake

Ukidondoshea haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda, juu ya kipande cha ini bichi, povu jeupe hufura papo hapo, kwa kuwa kimeng'enya cha katalesi kilichomo ndani ya ini huivunja ikawa maji na oksijeni. Nilipoliona povu hilo kwa mara ya kwanza nilijiuliza ini linahitaji kinga hiyo kwa ajili gani. Jibu ni kwamba seli zetu zenyewe hutengeneza peroksaidi: seli nyeupe za damu huitumia kuulia vimelea, na seli nyingine huitumia kupelekeana ishara. Lakini haina rangi, ni kidogo mno, na haidumu. Utaionaje ndani ya seli iliyo hai?

Ndiyo maana naiheshimu sana kazi ya mwanakemia Christopher Chang. Mwaka 2004, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yeye na wenzake walichapisha kihisi walichokiita Peroxyfluor-1. Msingi wake ni fluoresini, rangi iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1871, ambayo ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa kijani. Katika ncha zake mbili walifunga vikundi vyenye boroni, na molekuli ikajikunja na kuzimika. Peroksaidi inapofika, oksijeni yake huishika boroni, ambayo ina nafasi tupu ya kupokea elektroni. Kisha boroni hung'oka, oksijeni hubaki mahali pake, na fluoresini hufunguka na kuwaka.

Uzuri wake, kwa maoni yangu, umo katika uchaguzi wa mmenyuko wenyewe. Rangi za zamani zilioksidishwa na karibu kila molekuli kali ya oksijeni, hivyo mtafiti aliona mwanga bila kujua nani ameuwasha. Peroksaidi huiendea boroni kwa kutoa elektroni, ilhali jamaa zake wengi, kama radikali ya haidroksili, huja kupora elektroni. Haitambuliwi kwa umbo lake bali kwa kile inachokitenda.

Njia hii inataka uangalifu, kwa sababu peroksinaitriti, molekuli nyingine kali inayotokea mwilini, nayo huing'oa boroni, tena kwa kasi zaidi, na kihisi kikishawaka hakizimiki, kwa hiyo kinaonyesha jumla iliyokusanyika na si kiasi cha dakika ile.

Hata hivyo, mwaka 2007 kundi hilo lilionyesha, kwa vihisi vyepesi zaidi kuhisi, peroksaidi ambayo seli huitoa zinapopokea ishara ya kukua. Mwaka 2010 walikifunga kikundi cha boroni kwenye lusiferini, kemikali inayompa kimulimuli mwanga wake, wakaitia katika panya wenye uvimbe wa saratani ya tezi dume, na peroksaidi ya uvimbe ule ikapigwa picha kupitia ngozi, panya akiwa hai.