Siku moja kwenye mianzi ya South Carolina

Saa kumi na moja alfajiri nakunywa chai ya rangi na kuchomeka suruali ndani ya soksi, maana msimu huu wa joto kupe ni wengi. Ndugu zangu wa Iringa wakisikia nafanya kazi kwenye mianzi, huuliza kama huku kuna ulanzi, ile pombe ya mianzi. Ulanzi hakuna, ila Marekani ina mianzi yake ya asili, Arundinaria, na ndiyo inayomlea kipepeo ninayemfuatilia: Amblyscirtes aesculapius.

Saa moja na nusu tumeshafika bondeni. Asubuhi ni ya viwavi. Tunapita shina kwa shina tukitafuta jani lililokunjwa na kushonwa kwa nyuzi za hariri. Ndani yake hukaa kiwavi mwenye kichwa kikubwa na shingo nyembamba. Viwavi wengi wa familia hii, Hesperiidae, hurusha kinyesi chao mbali na jani wanamoishi, kwa sababu harufu yake huwaita nyigu. Huwa nachungulia tu, kisha naliacha jani lilivyo.

Saa nne jua linapenya msituni na vipepeo waliokomaa wanaanza kuruka. Mabawa yakitandazwa ni kama sentimita 3 hadi 4 tu. Wanaruka kwa kasi mno, macho yanawapoteza, halafu ghafla mmoja anatua karibu na ardhi palipo na mwanga. Hapo ndipo unapomwona vizuri: upande wa chini wa bawa ni kahawia, na mishipa myeupe imetanda kama utando wa buibui. Ncha za papasi zake, vile vipembe viwili vya kichwani, zimepinda. Kwangu hakuna kipepeo mzuri kuliko huyu.

Watu wengi wakitaka kusaidia vipepeo hupanda maua. Maua ni chakula cha kipepeo aliyekomaa, lakini kiwavi huyu anataka jani la mwanzi, na mianzi ndiyo iliyokwisha. Inakadiriwa asilimia 98 ya vichaka vikubwa vya zamani imetoweka. Mianzi ilimea kwenye udongo wenye rutuba, wakulima wakaifyeka. Ng'ombe wakala machipukizi. Moto uliokuwa ukiihuisha ukazuiwa. Ndege aitwaye Bachman's warbler, aliyehusishwa na mianzi hii, alitangazwa rasmi kuwa ametoweka mwaka 2023. Nikikumbuka hilo, siwezi kuondoka mapema.

Saa nane mchana tunapanda mianzi. Mbegu ni shida, kwani mianzi hii hukaa miaka mingi bila kutoa maua, kwa hiyo tunachimba mashina yanayotambaa chini ya udongo, tunayagawa na kuyafukia tukihakikisha hayakauki.

Saa kumi na moja jioni naingiza takwimu na kupanga kazi ya kesho ng'ambo ya kijito, ambako mianzi ya China imevamia. Nimewaomba vijana wanaojitolea wapapase kila shina kabla ya kukata: la kigeni lina mfereji ulio wazi ubavuni, juu ya kifundo chenye matawi, la asili ni mviringo zaidi.