Kwani nyie mnakula?

Niandike hii mapema kabla sijasahau, maana Pasaka ishapita na begi langu bado lina mchanga wa Magarini. Jumamosi Kuu tuliondoka Malindi saa tisa mchana, watu kumi na mmoja kwa matatu ya kukodi, jenereta imekaa kiti cha mbele kama mheshimiwa, spika mbili zimepakatwa na vijana wa kwaya, tukavuka daraja la Sabaki tukaacha lami. Misheni ya siku mbili. Mimi nilipewa neno la Jumapili asubuhi na wiki nzima nilikuwa naandika, jiwe limeviringishwa, kaburi tupu, Maria Magdalena mbio, mpaka nilishajua ni wapi nitanyamaza kidogo watu wapige makofi (aibu, lakini ndio ukweli).

Jioni tukaanza nyumba kwa nyumba. Boma la kwanza tukamkuta hawe mmoja, yaani bibi, amekaa kwenye jamvi anachambua mbaazi. Shikamoo hawe, marahaba wanangu. Akatuangalia, akaangalia na zile biblia kwapani, akauliza polepole bila hasira yoyote, "Nyie wa dini gani? Kwani nyie mnakula?"

Mwenzangu akacheka, alidhani tunakaribishwa chakula. Mimi nilinyamaza, nilijua anauliza nini.

Kama hukai huku pengine umeshasahau Shakahola. Sisi hatujasahau. Aprili 2023, siku chache tu baada ya Pasaka, ndio habari zilianza kutoka kule msituni, watu wameambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe wakutane na Yesu, na makaburi yalivyoanza kufukuliwa hesabu ikapanda mpaka ikapita miili 400, watoto wengi humo. Walipelekwa mochari hapa hapa Malindi, na wa kwanza kukabidhiwa familia zao ni Machi 2024, karibu mwaka mzima, tena ni wiki ya kuelekea Pasaka. Sasa wewe unatokea na spika mbili unamwambia mama wa huku nimekuletea habari njema, unategemea akuulize nini?

Na kusema kweli watu wa pwani hii hawajaanza leo kuwapima wahubiri. Mmisionari Fransisko Xavier alipita Malindi 1542 akielekea Goa, India, na kwenye barua yake anasimulia kwamba mzee mmoja Mwislamu wa hapa alimuuliza kama kwao Wakristo wanakwenda kanisani kweli na kama wanasali kwa moyo, maana huku misikiti ilikuwa 17 na yenye watu ni mitatu tu. Yaani mgeni amekuja na dini yake, mwenyeji anamuuliza hali ya nyumbani kwake. Napenda sana hiyo stori.

Basi usiku sikulala. Tuko kwenye darasa la nasari, mbu kama wameitwa, nafungua simu nasoma Luka 24 na mara hii naona kitu ambacho nimekiruka miaka yote. Wanafunzi wamemuona Yesu wakadhani ni roho, amewaonyesha mikono na miguu bado hawaamini, na yeye anafanya nini? Anaomba chakula! Wanampa kipande cha samaki wa kuokwa anakula mbele yao. Roho haili samaki. Nikaruka mpaka Yohana 21, huko ndio nilikaa mpaka majogoo, wavuvi wamekesha bure, kumepambazuka, mtu yuko ufuoni amekoka moto wa makaa, samaki juu yake na mkate, na neno analowaambia si toba wala sadaka, ni "Njoni mfungue kinywa." Ametoka kuzimu, ameshinda mauti, anapikia watu wenye njaa kiamsha kinywa. Nilicheka peke yangu gizani mpaka jirani yangu akanikanyaga.

(Sisemi kufunga ni vibaya, Ijumaa Kuu nilifunga mwenyewe. Lakini saum inayokatazwa kufunguliwa hiyo si saum.)

Asubuhi nikamwendea pasta nikamwambia jenereta tuiache, tukoke moto kwanza. Aliniangalia kama nimeugua, halafu akaenda kutafuta kuni mwenyewe. Tulikuwa na samaki aina ya vibua tumenunua Malindi vya chakula chetu cha mchana, tumevitia chumvi na ndimu kwenye ndoo, vyote vikaenda motoni, moshi ukafanya kazi ya spika. Watoto ndio walitangulia, halafu kina mama, wanaume wakasimama mbali kule kwenye mkorosho wakijifanya wana mazungumzo.

Hawe alikuja wa mwisho na sufuria ya mbaazi za nazi kichwani. Hakukaa. Alichukua kibua kimoja, akakikata katikati, akanipa kipande cha kichwa akasimama hapo hapo ananitazama. Nikala. Kilikuwa cha moto kikaniunguza ulimi, nikaendelea kutafuna machozi yananitoka, na yeye haondoi macho mpaka nilipomeza.

Ndio akakunja leso yake akaketi, akatia kipande chake mdomoni.

"Haya mwanangu, sasa sema."